Drupal au Liferay kwa taasisi kubwa?

Zote mbili ni programu huria za kujengea na kuendeshea tovuti, ila hazikuzaliwa kwa kazi moja. Drupal, iliyotolewa 2001 kwa lugha ya programu ya PHP, inang'aa kwenye tovuti za umma zenye kurasa nyingi. Liferay imeandikwa kwa Java, lugha nyingine ya programu, na nguvu yake ni lango la wafanyakazi: kuingia mara moja kupitia saraka ya LDAP (orodha kuu ya akaunti za wafanyakazi), kisha kila idara kuona yanayoihusu tu.

Drupal inadai nidhamu. Mipangilio husafirishwa kama faili za maandishi za YAML kutoka seva ya majaribio hadi tovuti hai. Mtu akibadilisha kitu moja kwa moja kwenye tovuti hai, amri ya "drush config:import", inayopakia faili hizo, itakifuta. Viraka vya usalama, yaani masahihisho ya kuziba mianya, navyo havisubiri kikao cha kamati. Oktoba 15, 2014, timu ya usalama ya Drupal ilitoa kiraka, kisha ikaonya kwamba tovuti ambayo haikutiwa kiraka ndani ya saa 7 ihesabiwe imeshavamiwa.

Liferay huwadanganya watu kwa wepesi wa kuwaka. Hifadhidata inayokuja nayo, Hypersonic, ni ya majaribio tu. Weka PostgreSQL au MySQL, na Elasticsearch (injini ya utafutaji) kwenye seva yake, kabla hujaingiza maudhui. Usipofanya hivyo utahama baadaye, tena kwa maumivu.

Gharama? Toleo la jamii la Liferay ni bure. Msaada rasmi hulipiwa. Kwa Drupal, utalipa watengenezaji. Kama huna mtu wa Java ofisini, mimi nisingeigusa Liferay.