Gari la zamani la porini lililofufuliwa: ununue lipi?

Ukinunua Land Rover au Land Cruiser la zamani ambalo limeshafufuliwa, sehemu kubwa ya pesa yako inalipia vitu usivyoviona kwa macho ya haraka: chesisi, difu, giaboksi na karatasi. Rangi na viti vipya ni kazi ndogo kwa fundi mzuri. Chesisi iliyooza ikafunikwa kwa mabati ya kuchomelea utaihudumia kila mwaka, na siku ya kuuza mnunuzi anayejua atainama chini ya gari dakika mbili tu kisha aage.

Nimeyapanga magari haya kwa swali moja: fundi wa Arusha, Nakuru au Morogoro ataweza kulitunza miaka mingi ijayo likabaki lile lile lilivyotoka kiwandani?

1. Land Rover Series III

Hii naiweka ya kwanza bila kusita. Ilitengenezwa kuanzia 1971 hadi 1985, fupi ya inchi 88 na ndefu ya inchi 109 kati ya ekseli ya mbele na ya nyuma, na kwa upande wa Kenya zilikuwa zikiunganishwa Thika, kwenye kiwanda cha Leyland Kenya. Spea mpya bado zinatengenezwa Uingereza, na mafundi waliokulia chini yake bado wapo. Karibu kila kitu kimefungwa kwa bolti, kwa hiyo mlango au bawa la juu ya gurudumu likiharibika unalifungua na kufunga lingine.

Tafuta ya petroli ya lita 2.25 iliyotengenezwa kuanzia 1980, kwa sababu kranki yake, yaani mhimili unaozungushwa na pistoni, inashikwa na beringi tano badala ya tatu za mwanzo. Gia zote nne za mbele zinaingia kwa ulaini. Series II na IIA zilizoitangulia hazina raha hiyo: gia ya kwanza na ya pili zinataka dereva anayejua kukanyaga klachi mara mbili.

Hata hivyo wapenzi wengi hulipa zaidi kwa II na IIA, na hapo ndipo mchezo unapoanza. Muuzaji anaifunga Series III grili ya waya ya mbele kama ya zamani, anaiita IIA, anapandisha bei. Usiangalie grili. Fungua mlango uangalie geji: kwenye Series III ziko mbele ya usukani, kwenye zilizotangulia ziko katikati ya deshibodi. Kubadilisha grili ni kazi ya bisibisi, lakini deshibodi nzima ni kazi nyingine.

Halafu kutu. Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu, haishiki sumaku, na wengi hudhani kwa hiyo gari haliozi. Linaoza sana, ila chini. Chukua nyundo ndogo, lala chini, anza na boriti ya nyuma inayobeba ndoano ya kuvutia. Gonga taratibu. Chuma kizima kinalia. Kilichooza kinatoa sauti butu, na wakati mwingine nyundo inazama. Nenda kwenye mikono inayoshika springi, kisha ingia ndani uinue mpira wa sakafu pale dereva anapoweka miguu. Ukuta unaotenganisha injini na dereva ni wa chuma, na kuufufua vizuri ni kazi ya gharama kuliko injini yenyewe kwa mafundi wengi. Ukiona unga mweupe pale aluminiamu inapokutana na chuma, ujue vyuma hivyo viwili vimeanza kulana.

Muuzaji akikwambia chesisi ni mpya ya kuchovywa zinki, mshukuru na uombe risiti.

2. Toyota Land Cruiser mfululizo wa 40

Kwa nguvu za injini na difu, hili linaipita Land Rover, sitabisha. Lilitoka 1960 hadi 1984, kabla ya mfululizo wa 70 ambao wengi Tanzania tunaufahamu kwa jina la mkonga. FJ40 ina injini ya petroli ya silinda sita; BJ40 ina dizeli ya silinda nne ya lita 3.0, na kwa matumizi ya hapa kwetu ningechukua hiyo. Ukipata la nusu ya pili ya miaka ya 1970 kuendelea, angalia kama lina breki za diski mbele. Tofauti yake utaiona kwenye mteremko wa kwanza.

Limeshika nafasi ya pili kwa sababu ya bodi. Yote ni bati la chuma isipokuwa paa la faiba, na bati hilo linapenda kutu: chini ya milango, kwenye sakafu ya nyuma, na kwenye mfereji wa maji pembeni mwa paa. Hapa sumaku ndiyo rafiki yako. Ipitishe polepole pembeni mwa gari. Ikiachia, chini ya rangi kuna puti nene. Mahitaji ya Marekani na nchi za Ghuba nayo yamezivuta bei juu, kwa hiyo kosa dogo la ukaguzi linagharimu zaidi hapa.

3. Land Rover 110

Ilianza 1983, na jina la Defender ilipewa 1990. Aliyeona msafara wa Land Rover Arusha Oktoba 2024 anajua watu wanavyolipenda gari hili, na huko Longido na Loliondo bado linabeba abiria na mizigo. Kwa kuendesha kila siku ni bora kuliko zote mbili za juu: springi za koili, magurudumu yote manne yanavuta muda wote. Injini ya dizeli ya 200Tdi ndiyo ninayoipendelea. Inatumia mkanda wa taimingi, kwa hiyo uliza ulibadilishwa lini. Ukikatika, injini inaumia vibaya.

Tatizo la 110 ni kwamba nyingi zimefanyishwa kazi hadi zikachoka, kisha zikapachikwa injini ya gari lingine. Kwa kazi ni sawa. Kwa anayenunua gari la kumbukumbu, thamani imeshuka.

4. Suzuki SJ410

Dogo, jepesi, injini ya chini ya lita moja, na bei yake haitishi. Kwa kijana anayeanza ni gari zuri kabisa la kujifunzia. Kagua kutu sakafuni, na usitegemee kulipeleka safari ndefu ya lami.

Kabla ya kutoa pesa

Fika asubuhi, na umwambie muuzaji mapema asiliwashe gari. Injini ya baridi haijui kuficha: moshi wa buluu, kugonga, kuchelewa kushika, vyote utaviona. Kisha omba picha za kazi, hatua kwa hatua, gari likiwa limevuliwa bodi. Aliyefufua gari kwa moyo huwa nazo tele, na atakuonyesha hata usipouliza. Asiye na hata moja, mlipe bei ya gari lililopigwa rangi.

Soma namba ya chesisi na ya injini kwa macho yako, uzilinganishe na kadi ya gari au logbook. Kama injini ilibadilishwa, mabadiliko yawe yameandikishwa TRA au NTSA kabla hujalipa. Ukifikiria kuja kuliuza nje, hili ni zito zaidi: Marekani gari lililotimiza miaka 25 huingia bila masharti ya usalama ya magari mapya, lakini umri lazima uthibitike. Mwaka 2014 maafisa wa huko walikamata Defender zipatazo 40 kwa tuhuma za kukiuka kanuni za uingizaji, ingawa nyingi zilirudishwa baadaye. Namba iliyosagwa, au iliyochomelewa upya bila maelezo, isikupotezee hata nauli ya kurudi mara ya pili.