Tuisheni ya "hesabu za maisha" niliyolipia, na ile risiti ya umeme wa LUKU

Ni wiki kadhaa sasa na hasira haijaisha, kwa hiyo mnivumilie. Huku kwetu Mbagala kuna kituo cha tuisheni, jina naliacha, likizo iliyopita walitangaza darasa la hesabu za maisha kwa watoto wa form one na form two. Punguzo, riba, bili, kodi, mtoto ajue hela inavyokwenda. Mimi nauza vitenge, faida na hasara nazijua kwa mwili wangu, nikasema mwanangu naye azijue kabla hazijamuuma. Nikalipa 40,000 ya mwezi na 5,000 ya notsi.

Wiki ya kwanza sina neno. Kuna dada mmoja pale, mdogo tu, nadhani ndo katoka chuo, yule anafundisha jamani. Aliwawekea ubaoni mkopo wa kausha damu: unapewa 100,000, unarudisha 5,000 kila siku kwa siku 26. Wakapiga wakapata riba 30,000, asilimia 30, na hiyo ni kwa mwezi mmoja, wakati maswali waliyozoea shule yanasema asilimia 10 kwa mwaka. Mwanangu akaja kuniuliza, "Mama, wewe ushawahi kukopa kule?" Nikamwambia nimewahi. Hakusema kitu, alichukua kalamu tukaanza kupiga mkopo wangu mimi, siku moja baada ya nyingine, na yaani ndo nikajua kwa mara ya kwanza nililipa shilingi ngapi. Kwa hilo peke yake ningewapa nyota zote.

Halafu yule dada akabadilishwa akaletwa mwalimu mwingine, mtu mzima, sauti kubwa.

Sasa kabla sijafika kwa mwalimu mjue hili. Mwanzoni mwa mwezi bibi yake, yaani mama yangu mzazi, alimtuma mtoto kwa wakala akanunue umeme wa 10,000. Tumezoea kupata yuniti 28 na pointi kidogo, siku hiyo zikaja 23.9. Bibi akamuuliza, "Nyingine ziko wapi?" Mtoto akasema hajui. Bibi akasema umekula hela. Mtoto wa miaka 13 anaambiwa hivyo mbele ya wapangaji, alilala bila kula.

Kesho yake darasani swali likaja, na notsi ninazo hapa: umeme yuniti moja ni shilingi 292, ukinunua wa 10,000 utapata yuniti ngapi? Jibu la mwalimu 34.2. Mwanangu akanyoosha mkono, akatoa risiti kwenye mkebe wake aliyoikunja vizuri, akasema mwalimu mbona sisi tumepata 23.9. Hakuwa anabisha, alitaka kujua zilikoenda yuniti zaidi ya kumi, maana nyumbani anaitwa mwizi! Mwalimu wala hakuiangalia ile karatasi. Akamwambia, "Hiyo haiji kwenye mtihani, kaa chini, usinipotezee muda." Watoto wakacheka.

Nilivyosikia nilifunga biashara mapema nikaenda kwa mwenye kituo. Nimesalimia, hakuinua macho kwenye simu. Nimeeleza yote mpaka mwisho. Akanijibu, "Mama, sisi hapa tunafundisha hesabu, hatufundishi umeme."

Hatufundishi umeme! Si nyie mlioandika bili kwenye tangazo? Risiti ile ndo hesabu yenyewe, iko nzima, imejieleza, kazi ya mwalimu ilikuwa kuisoma tu. Usiku huo tuliiweka mezani mimi na mwanangu tukaenda mstari kwa mstari. Kwanza kodi ya jengo 1,500, inakatwa kwenye umeme mara moja kwa mwezi, zikabaki 8,500. Ndani ya hiyo 8,500 kuna VAT asilimia 18, ya REA, wale wa umeme vijijini, 3, ya EWURA, wadhibiti wa nishati, 1, jumla 22. Mtoto akataka kutoa asilimia 22 ya 8,500, tukaona haikubali, kumbe unagawanya kwa 1.22 maana kodi imepandishwa juu ya bei ya umeme, na hapo tulikwama karibu nusu saa. Ikaja 6,967.21. Gawanya kwa 292, ikaja 23.86. Aliinuka kwenye kiti. Na mwezi usio na makato ya jengo 10,000 yote inagawanywa kwa 1.22, ndo zile 28 zetu. Halafu jirani yetu aliye kwenye daraja la matumizi madogo yuniti 75 za mwanzo za mwezi ananunua kwa 100 kila moja, kwa hiyo hata lile swali lao ni la nyumba ipi? Asilimia, kugawanya, desimali, vyote viko kwenye kikaratasi kirefu kama kidole, na mtu anayelipwa kufundisha anasema kaa chini.

Mtoto akambebea bibi yake daftari na risiti, akamwelekeza kwa kidole kila mstari. Bibi alisikiliza mpaka mwisho akasema, "Nisamehe baba."

Nilipoanza kuandika nilitaka kusema kituo ni kizuri ila wana mwalimu mmoja mbaya. Lakini kadiri ninavyoandika naona hapana, mwenye kituo ndo aliyemtoa yule dada na kumleta huyu, na ndo aliyenijibu vile. Msipeleke hela zenu. Au nisiseme hivyo, maana nasikia dada kapewa watoto wa darasa la sita na la saba palepale, na kama mwanao yuko huko mpeleke bila kuuliza, atajifunza. Mimi wa kwangu hatarudi mpaka dada arudishwe form one, na akirudishwa nalipa siku hiyohiyo. Kwa yule mwalimu hata bure simpeleki.

Na ile 5,000 ya notsi naidai. Swali la umeme limekosewa, nimelizungushia kalamu nyekundu, wakitaka kuliona waje.