Wolpepa nzito kwenye ukuta wa mita 5.2: hesabu ya roli nne ilivyonitokea puani

Sebule yangu ina ukuta mmoja unaopanda moja kwa moja hadi dari ya juu. Upana mita 3.9, kimo mita 5.2. Miaka miwili nimeutazama ukiwa mweupe kama wa zahanati, mwisho nikasema basi, nibandike wolpepa ya vinaili, ile nzito yenye kitambaa nyuma, inayofutika kwa sponji.

Fundi wa kwanza alikuja na futi kamba, akazidisha, akatangaza: mita za mraba 20 na kidogo, roli moja inafunika 5.3, leta nne. Hesabu safi, na ndiyo iliyoniponza. Roli ya kawaida ina upana wa sentimita 53 na urefu wa mita 10. Ukishakata mita 5.2, inabaki 4.8, haifiki chini. Kwa hiyo kila roli inatoa ukanda mmoja tu, na ukuta wangu ulitaka kanda nane. Nane! Tuligundua akiwa tayari juu ya ngazi, mikono imejaa gundi. Akashauri tuunge vipande katikati: "Bosi, hata haitaonekana." Ilionekana. Tena alibandika juu ya rangi ya mafuta bila kupiga msasa, kwa gundi ya wolpepa za karatasi. Usiku wa tatu nikasikia kitu kinabanduka taratibu, kama plasta kwenye kidonda. Asubuhi ukanda wa pili ulikuwa umeinama kutoka juu, kama unanipa shikamoo.

Fundi wa pili, mtu mzima, siku ya kwanza hakugusa hata ngazi. Aliuliza nyuma ya ukuta kuna nini. Nje, nikamwambia, upande unaopigwa na mvua. Akaweka kipande cha nailoni ukutani, kingo zote akaziba kwa selotepu, akaaga: "Mama, tuonane keshokutwa." Angekuta matone nyuma ya nailoni asingeendelea, maana vinaili haipumui. Unyevu wa kwenye lipu unakwama nyuma yake na kuotesha ukungu, na kwa joto la Dar es Salaam ukungu haubembelezwi. Bahati yangu palikuwa pakavu. Akapiga msasa, akaziba mashimo kwa wolputi, akapaka praima.

Safari hii nilinunua vinaili ya upana wa sentimita 137, inayouzwa kwa mita. Kanda tatu zikatosha, viungio viwili badala ya saba. Ila uzito wake! Ukanda ukishalowa gundi si wa mtu mmoja: vijana wawili juu ya skafoldi, mmoja chini ameupakata kama mgonjwa. Kabla ya kuupandisha, fundi aliukunja gundi kwa gundi, akauacha dakika 10 hivi ulainike. Ukanda wa kwanza aliufuatisha mstari wa timazi, wala hakuifuata kona, kwa sababu kona yangu imepinda (aliyejenga anajijua).

Kiungio ndicho kilichonifanya niache kupika nije kutazama. Alilaza ukanda wa pili juu ya wa kwanza kwa sentimita nne, akaegesha rula ndefu ya chuma, akakata zote mbili kwa pamoja, akishuka skafoldi hatua kwa hatua. Kila hatua wembe mpya. Akatoa utepe wa juu, akachokonoa ule wa chini, kingo zikakutana. Nikisimama mlangoni sizioni.

Masika yamepita, hakuna kilichobanduka. Kasoro zipo: kiputo kimoja karibu na swichi, na juu kabisa kuna gundi haikufutwa vizuri, inang'aa taa zikiwaka. Bidhaa naipa nyota nne. Fundi wa pili tano, ingawa alichelewa kila siku. Fundi wa kwanza hapokei simu yangu, na masalio ya roli zake nimetandika kwenye droo za jikoni.