Dawa za usafi kwa nyumba yenye mgonjwa wa pumu: nunua ipi, acha ipi

Binti yangu ana pumu, kwa hiyo dukani siku hizi nasoma lebo kabla ya bei. Mpangilio wangu ni huu, kuanzia ninachonunua bila kusita.

1. Sabuni ya mche. Ikwangue, iloweke usiku, asubuhi unayo ya kudekia. Haifukizi kitu, na inatosha kwa sehemu kubwa ya uchafu wa nyumbani.

2. Sabuni ya maji yenye lebo, manukato kidogo au hakuna. Ile ya kupimiwa kwenye chupa ya maji ya kunywa siitaki: sijui kilichomo, na mtoto anaweza kuinywa.

3. Siki nyeupe, kwa vioo na chumvichumvi za bomba tu.

4. Jik na blichi nyingine. Chupa moja ndogo inatosha. Tunaitumia vibaya: blichi kazi yake ni kuua vijidudu, na ukiimwaga juu ya uchafu nguvu zake zinaishia hapo hapo. Osha kwa sabuni, suuza, ndipo upake. Ikiwa chupa imeandikwa asilimia 3.5, kikombe kimoja kwa vikombe 34 vya maji baridi kinakupa asilimia 0.1, kiwango ambacho WHO ilishauri kwa sakafu na meza wakati wa Korona. Sisi tunamimina kwa macho, mpaka kifua kinabana.

5. Dawa ya choo yenye asidi. Ikikutana na Jik inatoa gesi ya klorini. Siki nayo vivyo hivyo. Kuna wanaomimina zote mbili ili choo king'ae upesi, mlango umefungwa!

6. Spray za kila aina. Hizi naziacha rafuni. Matone yake madogo huelea, ukayavuta hadi ndani kabisa ya mapafu. Utafiti wa Ulaya wa mwaka 2007 ulikuta wanaozitumia angalau mara moja kwa wiki wanapata dalili za pumu zaidi. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Bergen, Norway, walitoa matokeo ya watu 6,235 waliofuatiliwa miaka 20 hivi: mapafu ya wanawake wanaosafisha, nyumbani au kwa ajira, yalidhoofika haraka kuliko ya wasiosafisha. Dada wa kazi anayedeki kwako kila siku yumo humo.

Spray ukiwa umeshainunua, inyunyizie kwenye kitambaa, si hewani.