Hiace ya mzigo, kutoka rimu 15 hadi 16: uzoefu wangu Nairobi

Wadau mmeniuliza sana kuhusu hizi rimu so wacha nianze na jibu, kwa Hiace ya mzigo chukua inchi 16 na tairi ya C, yaani ya gari za mzigo, 215/65R16C (upana milimita 215, ukuta wa ubavuni asilimia 65 ya huo upana, rimu inchi 16), hapo umemaliza. Gari yangu ni Hiace 200 ya dizeli, ilitoka Japani na rimu za chuma za 15 na tairi 195/80R15, kazi yake ni waru na kabeji kutoka Njabini hadi soko la Marikiti, ikirudi huko juu inarudi tupu ama na kamzigo kadogo ka duka.

Mbona nikabadilisha? Ile tairi ya kwanza ukuta wake ni mrefu, kama milimita 156, sasa ukijaza gari alafu trela ikupite barabara ya Nakuru unaskia nyuma inayumba kabla irudi mahali pake. Hii ya 215/65 ukuta ni 140 hivi, na ni pana zaidi, so mwili umetulia, kona za kuteremka Limuru nikiwa na mzigo sishiki usukani kama mtu anapigana. Na urefu wa tairi nzima haujabadilika sana, 693 imekuwa 686, mshale ukisoma 80 gari iko 79, spidi gavana haina shida nayo.

Sasa kuna kitu watu wa duka hawakwambii. 215/65R16 ziko aina mbili na kwa macho zinafanana kabisa, kuna ya gari ndogo na kuna ya C. Duka moja Kirinyaga Road jamaa alitaka kunifungia ya 98 (hiyo ni namba ya uzito tairi inabeba) ati saizi ni ile ile na bei iko chini, nikamwambia boss 98 ni kilo 750 kwa tairi moja, zile gari ilikuja nazo ni 107 yaani kilo 975, unataka niache karibu nusu tani ya ekseli ya nyuma kwako dukani? Akacheka. Nilichukua 109/107, hiyo 109 ni kilo 1030 tairi ikiwa moja moja kama kwa Hiace, 107 ni zikifungwa mbili mbili. Na angalia zile namba 4 za mwisho za DOT, ile kodi iko ubavuni mwa tairi, 2319 ni wiki ya 23 mwaka wa 2019, tairi inaweza kung'aa dukani na kwa umri ni nyanya yako.

Rimu nazo: matundu 6 ya nati, duara la hayo matundu milimita 139.7, tundu la kati 106, ofseti ya fakitore 35 (ofseti ni vile rimu inaingia ndani ama kutoka nje, ikiwa ndogo inatoka nje zaidi). Za Prado 120 na 150 na za Hilux zinaingia vizuri juu ni Toyota na tundu ni hilo hilo. Za Mitsubishi L200 zina matundu sita hayo hayo lakini kati ni 67.1, haziingii hata uombe. Zile rimu za ofseti 0 zinatokeza nje ya fenda, vijana wanazipenda, ila kwa gari inabeba tani bearing ndo inalipa. Pindua rimu usome nyuma, za mzigo kutoka Japani huwa na alama ya JWL-T, ikiwa ni JWL tupu hiyo ilitengenezewa gari za abiria.

17 sikutaka kabisa. Kuna 215/60R17C na gari inakaa fiti, lakini ukuta unabaki 129, wewe unajua mashimo ya Industrial Area wakati wa mvua, rimu ya aloi ikipinda huko utajua bei yake. Hizi za 16 set nzima na tairi mpya ilipita laki, bado naona ni sawa.

Ubaya uko. Gari ikiwa tupu inagonga, kila tuta mgongo unajua. Usukani umekuwa mzito kidogo ukijipenyeza pale Marikiti asubuhi kati ya mikokoteni. Mafuta sijaona tofauti ya maana, na breki kwa mvua naona iko poa lakini hapo sitasifu saizi, tairi mpya ni tairi mpya.

Presha usiachie kijana wa petroli akuwekee 35 kama ya Vitz. Ile 109 unaipata tu tairi ikiwa na presha yake kamili ya mzigo, imeandikwa ubavuni, na hizi za C huwa juu sana kuliko za salun. Baada ya kufunga rimu mpya endesha kama kilomita 100 alafu kaza nati tena.

Spea nimeacha ile ya 15 chini ya gari, tofauti ya milimita 7 itakufikisha kwa fundi wa pancha bila drama. Ila rimu ya aloi inaweza kuja na nati zake, so nati za ile rimu ya chuma ya spea usizitupe, zangu ziko kwa mfuko chini ya kiti pamoja na spana.