Kitunguu saumu cha maua: uzoefu wangu wa mwaka mmoja na zaidi

Nilinunua vyungu vitatu kwenye kitalu kimoja hapa Durban, Februari mwaka jana, kwa ajili ya maua tu. Viwili vilikuwa vimechanua: vijinyota vya zambarau iliyofifia, kumi na kitu juu ya kikonyo kimoja kirefu. Kibao kilisema Tulbaghia violacea, jina la kitaalamu la kitunguu saumu cha maua, basi. Habari ya kula haikutajwa.

Aliyenifumbua macho ni jirani yangu, bibi wa Kizulu tunayemwita Gogo. Alikata jani, akalifikicha, akaninusisha. Saumu tupu! Wao huuita mmea huu isihaqa. Majani hupikwa kama mboga au hutiwa kwenye nyama kama kiungo. Kwake ameupanda kando ya mlango, anasema nyoka hawaipendi harufu yake.

Chungu cha tatu, ambacho hakikuwa na ua, alikifikicha jani akatikisa kichwa. Hakuna harufu. Walikuwa wameniuzia agapanthasi, ua zuri lakini lina sumu, si la kutia mdomoni. Kitaluni walinibadilishia bila ubishi, ila hata pole sikupewa, na mimi nina watoto wadogo nyumbani. Jamani, mche ukiwa mchanga majani yanafanana. Usipopata harufu ya saumu, usile.

Jikoni ndiko nilikoupenda hasa. Nakata majani membamba kama ya kitunguu, natupia kwenye kachumbari au juu ya samaki wa kukaanga. Kwanza unapata saumu, halafu ukali kidogo kama wa pilipili kwenye ncha ya ulimi. Ukiyachemsha sana ladha inapotea, kwa hiyo tia wakati wa kuepua. Maua nayo yanaliwa. Mimi huyanyunyiza kwenye mayai. Wanaosema hauachi harufu mdomoni, kwangu ni kweli kwa jani moja au mawili. Nikizidisha, harufu ipo.

Utunzaji si kazi. Nilisafiri wiki tatu bila mtu wa kumwagilia, nikaukuta mzima. Unachodai ni jua: chungu nilichokiweka kivulini kilijaa majani, ua hakikutoa hata moja mpaka nilipokihamishia barazani.

Mwezi uliopita nilikipasua kichaka kimoja kilichobana chungu, nikapata miche sita. Miwili nimempa dada mmoja wa Tanga anayeishi mtaa wa pili, na nimemfikichia jani kabla hajaondoka nayo.