Pete ndogo iliyotuliza usukani wa Premio yangu

Karibuni tena, ndugu watazamaji. Rimu hizi za inchi 17 mmekwisha kuziona katika video iliyopita, kwa hiyo leo sitazungumzia rangi wala umbo lake. Ninataka mkitazame hiki kipete cha alumini nilichokishika, kwa sababu kabla sijakipata, usukani wa Toyota Premio yangu ulikuwa ukitetemeka kila nilipovuka kilomita 80 kwa saa kwenye barabara ya Masaka. Magurudumu yalipimwa balansi mara tatu, nikalipa mara tatu, na mtetemo haukuisha.

Tazameni hapa kwa karibu. Kitovu cha habu ya Premio, yaani ile sehemu ya katikati inayochomoza ambako rimu inapachikwa, kina kipenyo cha milimita 54.1, ilhali tundu la kati la rimu hii ni milimita 73.1, kwani watengenezaji hulipanua makusudi ili rimu moja ikubali magari mengi. Ninaipachika bila pete, nanyi mnaona ncha ya kidole changu ikipenya chini ya kitovu, na rimu imelala chini kidogo. Sasa ninaibana pete ndani ya tundu kwa vidole gumba, mpaka inakaa sawasawa, kisha ninairudisha rimu. Imeshika kitovu na haichezi hata kidogo, wala sijafunga nati moja!

Wapo wachambuzi wanaosema kwamba pete haina kazi kwa kuwa nati ndizo zinazoibana rimu. Ni kweli kwamba nati ndizo zinazobana, lakini pete ndiyo inayoiweka rimu katikati wakati nati zinafungwa. Nilikuwa nikizikataa kabisa pete za plastiki, ila kwa gari la mizunguko ya mjini sasa naona zinatosha. Anayeteremka milima mirefu na kuchemsha breki achukue alumini, na apake grisi kidogo sana ili isigandane na habu. Pete nne zilinigharimu shilingi 60,000 katika maduka ya spea ya Kisekka, jijini Kampala.

Wenye Subaru pia wasidanganyike kwamba matundu matano ya nati yaliyopangwa kwenye duara la kipenyo cha milimita 100 yanatosha. Toyota nyingi ndogo zina duara hilohilo, lakini kitovu cha Subaru ni milimita 56.1, na rimu halisi ya Toyota itakigomea.

Nati za rimu halisi za Toyota zina kikalio bapa chenye washa, ilhali rimu hizi zinataka nati za koni. Usizichanganye kamwe.

Kuhusu matairi, gari lilikuja na 195/65R15, nami nimeweka 215/45R17, ambayo kimo chake kinapungua kwa milimita 9 tu, hivyo spidomita haidanganyi sana. Jambo lililonikera ni namba inayofuata ukubwa huo, ambayo huonyesha uzito ambao tairi inaweza kubeba. Niliuziwa tairi zenye 87, yaani kilo 545 kwa kila tairi, wakati zile za awali zilikuwa na 91, yaani kilo 615. Nilizirudisha siku hiyohiyo, na nikaongeza pesa kupata zenye 91.

Wiki ijayo nitapima Harrier, ambayo duara lake ni milimita 114.3 na kitovu chake 60.1, kwa hiyo pete hizi hazitaifaa.